Nani Alisema Ugonjwa wa Kusahau ni wa Wazungu?

  Wale mlio jikoni, endeleeni kumenya viazi huku mkisikiliza. Wale mlio shambani na redio ndogo mfukoni, karibuni pia. Leo sitazungumza juu ya chanjo wala lishe ya mtoto. Leo nitawasimulia historia, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo vuta kiti.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kumwona mama mmoja hapa Kibirichia aliyekuwa amejifungua. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri, kitovu kimekauka. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu, yule mama alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, kuna jambo lingine." Watu wa hapa huniita daktari ingawa mimi ni muuguzi, nami nimechoka kuwasahihisha.

Jambo lenyewe lilikuwa mama mkwe wake. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto saba, na aliyejua bei ya gunia la viazi kuliko madalali wa sokoni. Siku hizi anaweka sufuria tupu motoni. Anauliza swali moja mara kumi kabla ya chai kupoa. Usiku mmoja alitoka akisema anakwenda kwao kumwona mamake, na mamake alizikwa zamani sana. Walimpata karibu na barabara ya lami, miguu mitupu, baridi ya mlimani unaijua. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona. Mmoja alisema ni laana. Mwingine alisema neno baya zaidi ambalo sitalirudia hapa hewani. Na mume wa yule mama alikuwa ameambiwa na rafiki yake mjini kwamba huo ugonjwa wa kusahau, unaoitwa Alzheimer, ni wa Wazungu, na kwamba sisi Waafrika hatuupati.

"Ni kweli?" akaniuliza.

Nakiri kwamba sikumjibu vizuri siku hiyo. Nilimwambia kitu kama "ni uzee, mama, mvumilie". Chuoni, somo la wazee lilipita haraka kama matatu ya asubuhi, na tuliondoka tukijua zaidi juu ya kidonda cha mgongo kuliko juu ya akili ya mzee. Niliporudi nyumbani swali lile lilinikera. Nikaanza kusoma. Nilidhani nitapata jibu la mstari mmoja. Badala yake nikapata hadithi inayoanzia Ujerumani, ikapita Nairobi kwa njia ya aibu, ikazunguka mlima wetu huu huu.

Tuanze Ujerumani, na hapo sitakaa sana. Mwaka wa 1901, katika mji wa Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alikuwa amepotewa na kumbukumbu, akamshuku mumewe, akashindwa hata kuandika jina lake. Alifariki mwaka wa 1906. Alzheimer aliuchukua ubongo wake, akaukata vipande vyembamba na kuutazama kwa darubini. Aliona vitu viwili: madoa ya uchafu yaliyorundikana kati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizojisokota kama uzi wa kushonea uliochezewa na mtoto. Mnamo Novemba 1906 aliwaeleza madaktari wenzake, na mwaka wa 1910 ugonjwa huo ukapewa jina lake. Madoa yale leo tunajua yametengenezwa na protini iitwayo amiloidi beta. Nyuzi zinatokana na protini nyingine iitwayo tau. Shika hayo mawili, tutayahitaji.

Sasa twende Nairobi.

Wakati wa ukoloni kulikuwa na watu waliochunguza ubongo wa Mkenya, lakini hawakuwa wanatafuta ugonjwa. Walitaka kuthibitisha kwamba ubongo wetu ni mdogo. Mwaka wa 1934, mtaalamu wa maabara ya serikali Nairobi aitwaye F. W. Vint alichapisha makala juu ya ubongo wa "mwenyeji wa Kenya". Alikuwa amepima bongo 100. Alidai ni nyepesi kuliko za Wazungu na kwamba gamba lake la nje ni jembamba. Daktari mwingine wa Hospitali ya Mathari, H. L. Gordon, aliyapigia debe madai ya aina hiyo hadi London, akaonya kwamba elimu ya Kizungu inaweza kumdhuru Mwafrika. Mama unayenisikiliza, yaani kumpeleka mtoto shuleni kungemharibu kichwa! Hakuna aliyeuliza sawasawa wale waliopimwa walikula nini walipokuwa watoto, waliugua magonjwa gani, au walilinganishwa na Wazungu wa hali gani.

Baada yao akaja J. C. Carothers. Huyu alisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, na alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilitoa kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau, wakati ambapo Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakifungiwa vijijini kwa seng'enge. Wazee wetu wakidai ardhi, yeye alitafuta kasoro kichwani mwao.

Nimewaeleza haya si kwa ajili ya kuchokoza. Nimewaeleza kwa sababu fikira mbaya ikikaa kwenye vitabu haifi upesi, hubadilisha nguo tu. Ukishaamini ubongo wa Mwafrika ni wa namna nyingine, ni rahisi pia kuamini kwamba hauugui magonjwa ambayo wengine wanaugua. Na kweli, kwa miaka mingi madaktari walisema ugonjwa wa kusahau haupo Afrika, au ni nadra sana. Mzee akipotewa, ilisemwa amezeeka. Mama mzee akipotewa, mnajua ilisemwa nini.

Haki itendeke hata hivyo: si wakoloni peke yao waliosema ni nadra. Huko Ibadan, Nigeria, Profesa Osuntokun na wenzake, watafiti makini kabisa, walichunguza bongo nyingi za wazee waliofariki na hawakuona alama za Alzheimer. Kisha, katika miaka ya 1990, watafiti wa Ibadan walishirikiana na wale wa Indianapolis, Marekani. Walipita nyumba kwa nyumba wakiwahoji wazee wa miaka 65 na zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1995 yalionyesha kwamba kati ya Wayoruba wa Ibadan, waliokuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ni asilimia 2.29. Kati ya Wamarekani weusi wanaoishi majumbani Indianapolis ilikuwa asilimia 4.82. Tofauti kubwa hiyo. Kwa hivyo swali lilikuwa la haki: je, sisi tuna kinga fulani?

Hapo ndipo anapoingia mwanasayansi ninayetaka mmjue, Profesa Raj Kalaria. Yeye ni mtafiti wa ubongo ambaye wakati huo alikuwa Cleveland, Ohio, katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Alishirikiana na Julius Ogeng'o, mwalimu wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na madaktari wa Dar es Salaam. Walifanya jambo ambalo Vint angeweza kulifanya miaka sitini nyuma kama angekuwa na nia njema. Walichukua bongo za Waafrika Mashariki waliofariki, wakazitazama kwa makini, wakatumia dawa za maabara zinazoonyesha ile protini ya amiloidi, kisha wakalinganisha na bongo za wazee wa Cleveland kwa kipimo kilekile.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1996, na Ogeng'o ndiye jina la kwanza. Bongo zilikuwa 32, za watu wa umri wa kati ya miaka 45 na 83 ambao hawakujulikana kuwa na ugonjwa wa kusahau. Kati ya hizo 32, bongo 6 zilikuwa na madoa ya amiloidi. Cleveland, kati ya 20, bongo 4 zilikuwa nayo. Piga hesabu kidogo nami: 6 kati ya 32 ni kama 19 kwa mia. 4 kati ya 20 ni 20 kwa mia. Hakuna tofauti. Madoa yale yale aliyoyaona Alzheimer Frankfurt yalikuwepo Nairobi na Dar es Salaam.

Ni bongo chache, na wenyewe waliandika kwamba utafiti wao una mipaka. Bongo 32 haziwezi kukuambia ni wazee wangapi wanaugua katika nchi nzima. Lakini zinatosha kuvunja ule usemi wa "sisi hatuupati". Mimi niliposoma hesabu hiyo niliweka kitabu chini nikakaa kimya kidogo. Mji ule ule ambako ubongo wetu ulipimwa kwenye mizani ili tudharauliwe, ndiko ulikopimwa tena na Mkenya na wenzake, ukaonekana ni ubongo tu, unaozeeka kama mwingine.

Kazi haikuishia hapo. Kuna jeni moja ambayo wataalamu wanaiita APOE, na aina yake ya nne huongeza hatari ya Alzheimer kwa Wazungu. Kalaria na wenzake waliitafuta kwa wazee wa Afrika Mashariki, wakaikuta kwa wingi. Ajabu ni kwamba kwetu haikuonekana kufungamana na ugonjwa kama inavyofungamana kule Ulaya. Kwa nini? Hilo bado linachunguzwa, na ndiyo sababu moja watafiti wa dunia wanaihitaji Afrika. Jibu la swali lao huenda liko kwenye damu ya nyanya yako.

Kisha wakaja karibu nasi. Wakiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikwenda Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya, kuwapima wazee wa Kikuyu wa miaka 65 na zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 2010. Kilichonifurahisha ni namna walivyopima. Mtihani wa kumbukumbu uliotungwa Ulaya humwambia mtu asome sentensi, aandike, atoe hesabu. Shosho ambaye hakuwahi kukanyaga shule ataanguka hata kama akili yake ni kali kama wembe. Kwa hivyo walitumia maswali yasiyohitaji kusoma, na yakaulizwa kwa lugha ya nyumbani. Na sehemu nzima ya kipimo hicho haimhusu mzee mwenyewe. Inamhusu anayeishi naye: amebadilika? Bado anafanya kazi zake? Anapotea njia anayoijua? Anasahau alikoweka vitu? Mama, unaona? Wewe unayempikia na kumwogesha ndiye shahidi wa kwanza. Usikubali mtu akuambie hujui lolote kwa sababu hukusomea udaktari.

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Katika wilaya ya Hai, mguuni mwa Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, vijijini, kwa Kiswahili. Matokeo ya mwaka wa 2013 yalisema baada ya kusawazisha umri, waliokuwa na ugonjwa huu walikuwa asilimia 6.4. Hiyo ni karibu sawa na nchi nyingi nyingine. Kwa maneno ya hapa kwetu, ukiwakusanya wazee mia wa umri huo baada ya ibada, sita hivi wanaugua, na pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa gani. Huko Hai pia walitengeneza kipimo kifupi ambacho muuguzi kama mimi anaweza kukifanya. Mojawapo ya vitendo vyake ni kupanga njiti za kiberiti kwa kuiga mfano. Njiti za kiberiti! Hakuna kalamu wala karatasi.

Huenda unajiuliza mwanasayansi huyu alifanya nini na miaka yake iliyobaki. Aliigeukia mishipa ya damu ya ubongo, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayotufaa zaidi mama wa Kibirichia na mimi. Huko Newcastle, yeye na wenzake waliwafuata kwa miaka wazee zaidi ya 75 waliopata kiharusi na kupona bila kupotewa na akili. Walikuwa 355. Baada ya karibu miaka minne kwa wastani, karibu robo yao walikuwa wamepata ugonjwa wa kusahau. Waliofariki walipochunguzwa, wengi wao tatizo lilikuwa mishipa iliyoharibika wala si yale madoa ya Alzheimer. Na wale waliokuwa na mambo mengi ya hatari pamoja, kama presha na kisukari, ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Elewa maana yake. Alzheimer haina tiba ya kuiponya. Dawa mpya zinazopunguza amiloidi ziliidhinishwa Marekani mwaka wa 2023 na 2024, lakini hupunguza mwendo tu, ni ghali mno, na zinahitaji picha za ubongo mara kwa mara. Sitawadanganya kwamba zitafika Kibirichia kesho. Lakini presha tunaweza kuipima leo. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Ukimwona amepita, mwite ampime mzee, na wewe mwenyewe upimwe, kwa maana uharibifu wa mishipa huanza mtu akiwa na miaka arobaini, wakati ambapo hakuna kinachouma. Mwaka wa 2024 wataalamu wa jarida la Lancet waliorodhesha mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na wakakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwenye orodha hiyo kuna presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, upweke, na kukosa elimu utotoni. Ndiyo, elimu ileile ambayo yule daktari wa Mathari alisema itatudhuru. Kila mwaka unaomlipia binti yako karo ni dawa ya uzee wake.

Nilirudi kwa yule mama wiki mbili baadaye nikiwa na kiberiti mfukoni. Nilikaa na nyanya kwenye kibao nje ya jiko, nikapanga njiti chache, nikamwomba apange kama mimi. Alizitazama, akanitazama mimi, akasema, "Unataka kunichomea nyumba?" Tulicheka sote. Halafu alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, kisha akazisahau na kuniuliza kwetu ni wapi. Alikuwa ameniuliza tayari mara tatu.

Presha yake ilikuwa juu sana, na hakuna aliyejua. Sikio moja lilikuwa limezibwa na nta. Tulimpeleka hospitalini, kwa sababu kusahau si lazima iwe Alzheimer. Malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa damu au wa vitamini, shida ya tezi la shingo, huzuni nyingi, hata baadhi ya vidonge vinavyouzwa dukani, vyote vinaweza kumchanganya mzee, na hivyo vinatibika. Hasa mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili au tatu, usingoje. Kwa nyanya huyu daktari aliona mabadiliko ni ya polepole, ya miaka, na akampa dawa za presha. Akili yake ya zamani haikurudi. Sitawaambia ilirudi.

Lakini nyumba ile ilibadilika. Jiko la gesi hufungwa kwenye mtungi akibaki peke yake. Mlangoni wametundika kengele ya mbuzi, ukiufungua inalia. Asubuhi hupewa maharagwe achambue, na anayachambua vizuri kuliko wajukuu. Akisema anakwenda kwa mamake, hawabishani naye tena. Humwuliza mamake alikuwa anapika nini, naye husimulia mpaka hamu ya safari inaisha. Na wifi mmoja sasa analala pale siku tatu kwa wiki, kwa maana mzazi mwenye mtoto mchanga hawezi kukesha kwa ajili ya watu wawili.

Na yule jirani aliyesema neno baya? Nilikwenda kwake pia. Nilimkumbusha habari ya Oktoba 2021, kule Marani katika Kaunti ya Kisii, ambako umati uliwaua akina mama wazee wanne kwa tuhuma za uchawi. Sikumgombeza. Nilimweleza habari ya zile bongo 32, na madoa, na nyuzi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba hata mamake mzazi, kabla ya kufa, alikuwa akiweka chumvi kwenye chai, na kwamba yeye alimpiga kwa ajili hiyo.

Hatukusema mengi baada ya hapo. Alinipa viazi nusu debe nikaenda navyo nyumbani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia kikohozi na homa ya mapafu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kama unaye mzee nyumbani mwenye dalili nilizozitaja, mlete kituoni siku yoyote ya kazi, uje naye wewe unayeishi naye, na ubebe vidonge vyote anavyokunywa kwenye mfuko mmoja. Kwaherini.